Ua la Bibi lilivyonigomea Mwanza

UMESHAWAHI kusafiri kutoka Mwanza hadi Bukoba na kopo la rangi mapajani, ndani ya kopo kuna ua, na konda anakutazama kama mtu aliyetoroka wodi ya vichaa? Mimi mwenzio yamenikuta. Tena konda yule hakuishia kutazama. Aliniuliza mbele ya abiria wote: "Kaka, hilo nalo linalipa nauli?"

Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana ukinuna ndiyo unaharibu kabisa. Lakini moyoni nilijua kitu ambacho konda hakukijua. Lile ua lilikuwa la mwisho. Likivunjika njiani, ukoo wetu haukuwa na jingine.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe, halafu nitakufundisha namna ya kulipanda na kulitunza, ili na wewe usije ukahangaika kama mimi. Tulia.

MTOTO WA KASHOZI

Mimi ni mtoto wa Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mkoani Kagera. Wanaojua historia wanaijua Kashozi kwa misheni yake ya tangu 1892, ya kwanza ya Wakatoliki katika nchi ya Wahaya. Wasiojua historia wanaijua kwa migomba, kahawa na mvua. Mvua ya kwetu si mchezo. Kando ya ziwa pale Bukoba inafika milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeni akija na mwavuli wa urembo, anaondoka na vijiti.

Nimelelewa na bibi mzaa baba. Baba alifariki 1999, mama akafuata 2001, mimi nikiwa na miaka minne. Sitakuficha, ni ugonjwa ule ule. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za bure za kurefusha maisha zilianza kutolewa 2004. Piga hesabu mwenyewe uone mama alizikosa kwa miaka mingapi. Watoto wa rika langu waliolelewa na bibi kwetu ni wengi sana, hakuna wa kumshangaa mwenzake.

Wazazi wangu wamelala kibanjani, kama ilivyo desturi ya Wahaya. Kibanja ni lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Baba alipofariki, mama alichukua chipukizi za ua kutoka bustani ndogo ya bibi mbele ya nyumba, akazipanda kwenye kaburi la mumewe. Miaka miwili baadaye bibi alichukua chipukizi kwenye kaburi la baba, akapanda kwa mama. Ndiyo maana nyumbani hatukuliita jina la kitaalamu. Lilikuwa "ua la mama yako", basi.

UA LENYEWE NDIO HILI

Wataalamu wanaliita krisanthemu. Jina hilo limetoka kwa Wagiriki wa kale, na maana yake ni ua la dhahabu. La kwetu kweli lilikuwa la njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji, lenye petali nyingi zilizobanana kama pamba. Siku hizi yapo meupe, mekundu, ya zambarau, ya waridi, hata ya kijani.

Lina ndugu unaowafahamu. Alizeti ni wa ukoo huo. Pareto ile ya Iringa na Mbeya, inayopelekwa kiwandani Mafinga kutengenezwa dawa ya kuua wadudu, ni binamu wa karibu kabisa. Zamani wataalamu walikuwa wanaiweka kwenye jina moja na krisanthemu, baadaye ndiyo wakaitenga.

Wachina wamelipanda kwa zaidi ya miaka 2,000 na chai yake wanakunywa hadi leo. Japani ndiyo usiseme: nembo ya Mfalme wao ni ua hili lenye petali 16, na liko hata kwenye jalada la pasipoti zao. Lakini Ufaransa, Ubelgiji na Italia ni ua la makaburini. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wanabeba makopo kwa makopo kupeleka kwa marehemu wao. Kwa hiyo kijana ukibahatika kupata mchumba wa Kifaransa, usijipendekeze na shada la krisanthemu. Utakuwa umemwambia "pole na msiba" kabla hata hamjaanza.

Bibi hajui habari za Wafaransa. Anasema chipukizi za kwanza alipewa na mtawa mmoja, yeye akiwa msichana, basi akazipanda. Lakini ukiangalia, ua lilikuwa limefika pale pale linapofikishwa huko Ulaya: kaburini.

LIKANIGOMEA

Krismasi ya 2022 nilikwenda nyumbani. Wakati wa kurudi Mwanza nikakata chipukizi mbili, nikazifunga kwenye gazeti bichi. Nilikuwa napanga chumba mtaa wa Mabatini, chumba kimoja, pazia moja, na redio. Nikaona ua la nyumbani litanifanya nijisikie mtu.

Chipukizi zote mbili zilishika. Nikaziweka barazani katika makopo ya rangi, nikitoboa matundu chini. Nilimwagilia, nikaweka samadi, nikaongea nazo, maana kuna mtu aliniambia maua yanapenda kusemeshwa. Majirani wakanipa jina la Mzee wa Maua. Washikaji kijiweni wakasema maua ni mambo ya akina dada, mwanamume anapanda mchicha.

Januari, Februari, Machi, majani. Aprili, Mei, majani. Yaani majani ya kijani yaliyonona, shina limepanda mpaka usawa wa kiuno changu, lakini ua hata la dawa hakuna. Juni yakatokea matumba mawili, nikafurahi nikawaita watu. Yakakauka bila kufunguka.

Nikaanza kuwaza mabaya. Kwamba nimeondoka na kitu cha kaburini bila kuaga. Usinicheke. Ukiwa peke yako saa 8 usiku na ua linagoma, hata wewe ungewaza hivyo.

VIGAE VYA BABA MKUBWA

Julai 2023 bibi akanipigia simu. Huwa hapigi, huwa anapigiwa.

Baba mkubwa anaishi Dar es Salaam, na mambo yake yamenyooka. Aliona aibu makaburi ya mdogo wake na shemeji yake kuwa udongo mtupu na mawe pembeni, akatuma fedha yajengwe. Ni jambo jema, na mimi namshukuru mpaka leo. Mafundi walikuja, wakaparua udongo wote, wakamwaga zege, wakabandika vigae vyeupe vinavyong'aa. Juu wakaweka mashada ya plastiki, yale ya rangi saba.

Maua ya mama yalikwenda na udongo. Ile bustani ya mbele ya nyumba, mama wa yote, nayo ilikuwa imeshakufa msimu wa masika. Bibi alikuwa mgonjwa wa nyonga, amelala kwa shangazi Muleba miezi mitatu, hakuna mtu aliyepalilia. Magugu yakameza, mvua ikaozesha mizizi.

"Ua la mama yako limekwisha," bibi akasema. "Lako lipo?"

Nikasema lipo.

"Linachanua?"

Hapo nikanyamaza. Wewe ungesema nini? Mwishowe nikamwambia ukweli: bibi, mwezi wa saba huu, ni majani tu.

Bibi hakuniuliza habari ya mbolea wala maji. Aliuliza swali moja la ajabu: "Hilo ua linalala wapi?"

"Barazani, bibi."

"Kuna taa?"

Baba mwenye nyumba alikuwa amefunga taa ya ulinzi pale barazani, nyeupe, kali, inawaka jioni hadi asubuhi. Makopo yangu yalikuwa chini yake kabisa.

"Waitu, mtoto huyu," bibi akasema. "Wewe ukimulikwa usiku kucha, utalala?"

Akanieleza. Umeme wa vijijini ulipofika, jirani yetu aliweka taa nje ya nyumba yake. Maua ya jirani yaliyokuwa mbele, penye taa, yaliacha kuchanua. Yaliyokuwa nyuma ya jiko, gizani, yaliendelea kama kawaida. Bibi ameishia darasa la nne, lakini alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho mimi mwenye cheti cha kidato cha nne sikukiona kwa miezi saba.

KUMBE NI GIZA!

Kwa vile mimi ni mbishi, nilimuuliza rafiki yangu mmoja aliyesoma kilimo Morogoro pale SUA. Akacheka, akasema bibi yako ni profesa.

Iko hivi. Krisanthemu inahesabu usiku. Ikipata giza refu lisilokatizwa, la saa 11 au 12, inajua muda wa kuchanua umefika na inaanza kutunga matumba. Usiku ukiwa mfupi, au ukikatizwa na mwanga, inaendelea kuota majani tu. Waliofumbua fumbo hili la mimea ni Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliochapisha utafiti wao mwaka 1920 baada ya kuhangaika na tumbaku na soya zilizokuwa na tabia hiyo hiyo.

Huko Ulaya usiku wa kiangazi ni mfupi, kwa hiyo ua linasubiri hadi usiku urefuke, ndiyo maana linachanua karibu na hiyo Novemba ya makaburi. Sisi tuko jirani na ikweta, Bukoba ni nyuzi 1 na kitu tu kusini yake. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa ua hili, Kashozi ni Novemba kila siku. Linaweza kuchanua mwezi wowote, mradi usilimulike.

Na wajanja wanautumia ujanja huo kinyume. Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, kuna mashamba yanayozalisha chipukizi za krisanthemu na kuzisafirisha Uholanzi kwa ndege. Wao hawataki ua, wanataka chipukizi. Wanafanyaje? Wanawasha taa usiku! Kumbe mimi Mabatini nilikuwa nimefungua shamba la kimataifa bila kujua.

Nilimwomba baba mwenye nyumba azime taa. Alikataa, na alikuwa na haki yake, maana wezi wa mtaa ule hawakuwa wa kuwatania. Basi nikaona nihamishe makopo. Mwisho wa Agosti nilikata yale mashina marefu, nikabakiza machipukizi mafupi yenye nguvu yaliyotoka chini, nikayaacha wiki moja yazoee. Halafu kila jioni saa 12 nikawa nabeba makopo na kuyapeleka nyuma ya nyumba, jirani na choo, mahali pekee penye giza la kweli. Asubuhi nayarudisha juani.

Ukipanga nyumba ya watu wengi hakuna siri. Habari zikaenea kwamba jamaa wa chumba namba tatu anapeleka maua yake chooni yakalale. Acha waseme. Wiki ya nne nikaona matumba madogo kama punje za mtama. Nilipiga kelele mpaka mama mmoja akatoka na mwiko.

LITUNZE HIVI

Sasa shika kalamu. Haya ni ya bibi, nikichanganya na ya yule mtaalamu wetu wa Morogoro.

Usihangaike na mbegu. Tafuta mtu mwenye ua, omba chipukizi. Kata ncha laini yenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, isiyo na tumba. Toa majani ya chini, bakiza ya juu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, hakikisha ni mbichi lakini haiogelei. Baada ya wiki mbili hadi tatu, ivute taratibu. Ikikataa kutoka, ujue ina mizizi.

Udongo uwe unapitisha maji. Sehemu za mvua nyingi kama kwetu, inua tuta. Bibi huinua kiasi cha shibiri moja. Samadi iwe imeoza kabisa, ile mbichi inaunguza mizizi. Juu tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina.

Jua lisipungue saa 6 kwa siku. Chini ya mgomba utapata majani marefu yaliyolegea kama mlevi. Nimeshakueleza habari ya usiku, sirudii.

Maji mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, siyo juu ya majani. Majani yakilala na maji yanaita kutu nyeupe: utaona madoa ya njano juu ya jani, na ukiligeuza unakuta vipele vyeupe. Chuma majani hayo, yachome moto. Usiyatupe shambani.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana kwenye ncha, wapulizie maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza siku ya pili. Wakati wa kushika majani, kama ngozi yako ni nyepesi vaa mifuko ya plastiki mikononi. Utomvu wake huwasha baadhi ya watu. Na kama unafuga paka au mbwa, wazuie wasiutafune mmea, ni sumu kwao.

Kudokoa ncha ndiyo somo kubwa. Mche ukifika sentimita 15, ng'oa ncha yake kwa kucha, ubakize majani manne hadi sita. Unaona unaua, kumbe unazalisha. Kila ulipodokoa patatoka matawi mawili, matatu. Yakifika sentimita 15, dokoa tena mara moja. Usipodokoa, huku kwetu penye usiku mrefu ua litatunga tumba likiwa bado dogo, utapata kijiti kimoja chenye ua moja la huruma.

Ukitaka ua moja kubwa la kutambia, kwenye kila tawi bakiza tumba la katikati, mengine toa. Ukitaka kichaka kilichojaa, yaache yote.

La kuweka mezani kata asubuhi, ondoa majani yatakayozama, badili maji kila baada ya siku mbili. Litakaa wiki mbili bila kukuabisha. Waridi huwa limeshainamisha shingo zamani.

TAREHE MBILI NOVEMBA

Kwa Wakatoliki tarehe 2 Novemba ni siku ya kuwaombea marehemu wote. Nilimwahidi bibi nitafika na ua. Ahadi kwa mtu wa umri ule ni deni zito.

Ndiyo nikapanda basi la alfajiri tarehe 1, kopo moja mapajani. Jingine niliwaachia majirani, yale yale waliokuwa wananicheka, endapo hili litavunjika. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, limefunguliwa Juni 2025, kwa hiyo tulishuka kuvuka kwa kivuko. Upepo wa ziwa ukanivunjia tawi moja pale pale. Nilikaa chini nikaligeuzia ua mgongo wangu, nimelikumbatia kama mtoto. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la dagaa akavua khanga yake ya begani, akafunika. Hakuniuliza kitu.

Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo, Muleba. Konda wangu baada ya Biharamulo alishachoka kutania. Akaniuliza taratibu: "Ni la nani?" Nikamwambia. Akalipa nafasi jirani na dereva, mahali pasipo na msukosuko. Nauli hakutaja tena.

Asubuhi ya tarehe 2 ua moja lilikuwa limefunguka lote na matumba tisa yanaonyesha rangi. Baada ya misa tulikwenda kibanjani. Vigae vilikuwa vinang'aa kweli, na yale mashada ya plastiki yalikuwa yameanza kupauka. Bibi hakusema neno lolote baya juu ya vigae, na mimi sikuthubutu. Alishika fimbo yake, akazunguka, akapiga ardhi upande wa miguuni, mahali ambapo jua linapita kati ya migomba.

"Hapa," akasema.

Nikachimba, nikainua tuta, nikapanda. Bibi alilitazama ua lile moja muda mrefu. Kisha akasema, "Ni lenyewe." Basi, hakuongeza. Tuliporudi nyumbani nilikunywa maji vikombe vitatu kwa sababu ya koo.

UKILIHURUMIA UTALIUA

Nilikaa wiki tatu. Matumba yote yalifunguka, yakapendeza, yakaanza kuzeeka. Siku moja kabla sijaondoka bibi akaniambia leta kisu.

Nilijua anachotaka. Ua hili likimaliza kuchanua unalikata lote, unabakiza kama sentimita 10 kutoka ardhini, ili chini pachipue. Na shina la zamani halikai milele. Mwaka baada ya mwaka linakuwa gumu katikati kama kuni, maua yanapungua, mwisho linakufa. Dawa ni kuchukua machipukizi mapya kila mwaka na kuyapanda upya.

Nikasema, bibi, tuliache kidogo, tumelipata kwa shida.

"Ukilihurumia utaliua," akasema. Akanyang'anya kisu, akakata mwenyewe kwa mikono inayotetemeka.

Mwezi uliofuata machipukizi mapya yalipotoka, aligawa. Mbili kwa jirani wa juu, mbili kwa jirani wa chini, moja kwa shangazi Muleba, moja kwa katekista. Nilimuuliza kwenye simu kwa nini anagawa wakati nyumbani yenyewe hayajatosha.

Akaniambia kosa lake la kwanza lilikuwa hilo. Alikuwa anagawa zamani, kisha wenzake wengi wakafa miaka ile mibaya, akachoka, akabaki nalo peke yake. Alipougua yeye na ua likaugua. "Kitu unachokipenda kiweke kwa watu," alisema. "Kikifa kwako, utakikuta kwao."

Wasomaji wangu, mimi nimeishi mjini muda, nimesikia mashauri ya kila aina, lakini hilo limenikaa. Sisi vijana tuna tabia ya kuficha. Dili tunaficha, fundi mzuri tunaficha, hata mapishi ya pilau mtu anaondoka nayo kaburini. Ua lile lilinusurika kwa sababu mjinga mmoja alilibeba kwenye gazeti bichi kwenda Mabatini.

Baba mkubwa alikuja Krismasi ya 2024. Alisimama miguuni pa makaburi, maua yamejaa njano tupu, akauliza nani kapanda. Bibi akanionyesha kwa fimbo. Mzee akakaa kimya, kisha akasema mashada ya plastiki tuyatoe, yameharibika. Tukayatoa pamoja. Wakati wa kuondoka Dar, aliomba chipukizi mbili. Nikamfungia kwenye gazeti bichi na kumuuliza swali moja tu: "Baba mkubwa, barazani kwako kuna taa?"

Sasa nina makopo sita, yote yanalala gizani kama watoto wa shule ya bweni. Washikaji waliosema ni mambo ya akina dada, wawili wameshaniomba chipukizi, mmoja alikuwa amegombana na mkewe. Nimempa, nikamwambia adokoe ncha, azime taa na aombe msamaha. Kipi kimesaidia kati ya vitatu hivyo, hajaniambia.

Na wewe wikiendi hii mtafute mwenye ua, omba chipukizi. Likichanua, usilibane mwenyewe. Mpe jirani.